Besi ya Afande

Watu wote wa Kaloleni na watambue kwamba Jumamosi hiyo ilizaliwa kwaya tukufu kuliko zote za Kisumu. Haikuwa na mwimbaji hata mmoja.

Kilikuwa kikundi cha haki za binadamu. Mikutano yao ilikuwa imepigwa marufuku, mazoezi ya kwaya bado; basi wakajiita kwaya. Aliyegundua mwanya huo ni Akello, mwanafunzi wa bweni aliyekuja likizo kwa shangazi yake, mwenyekiti wa kikundi.

Shangazi alikuwa akiwafundisha watu la kufanya wakikamatwa, polisi akaingia.

“Kwaya gani hii haisikiki?” akauliza, pingu zikining'inia kiunoni. “Mama, imbeni, ama twende wote kituoni.”

Shangazi akamgeukia Akello. Akello akadaka wimbo wa kanisani uliomjia kwanza, akautia maneno ya somo lile lile.

“Ukikamatwa, uliza kosa lako!”

“Uliza, uliza!” wakaitikia, kila mtu na sauti yake.

“Nyamaza kimya, mwite wakili!”

“Mwite, mwite!”

Kiatu cha polisi kikaanza kugonga sakafu. Ubeti wa tatu, akavua kofia. Wa nne, akaingia na besi nzito iliyotikisa mabati, macho kayafumba, pingu zikilia kama kayamba. Akina mama wakapiga vigelegele vya kweli.

“Mlikosa besi tu,” akasema akihema, meno yote nje. “Kwetu Butere ndiyo naimba. Sasa, msichana, wimbo huu uko kitabu gani? Nataka kuwapelekea wenzangu wa kwaya ya nyumbani.”

Akello alitafuta uongo mzuri na, kwa mara ya kwanza maishani, akaukosa.

“Katiba, afande,” akakiri. “Kifungu cha arobaini na tisa.”