Pikipiki ya Sproketi Mbili

Mume alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, nati ya gurudumu la nyuma mdomoni, cheni mkononi. Mkewe alisimama juu yake, amekumbatia ufagio na ndoo.

"Bado?"

"Bado kidogo, mama watoto."

Pikipiki yao ndogo ya milimani ilikuwa na sproketi mbili nyuma, yale magurudumu ya meno yanayozungushwa na cheni: ndogo ya kukimbilia kwenye lami, kubwa ya kupandia mlima. Sifa zake tele. Tatizo ni kwamba ili kuhama kutoka moja kwenda nyingine ilibidi ushuke, ulegeze gurudumu, ufungue cheni, uunge kipande cha nyongeza, ukaze upya, kisha utafute maji ya kunawa. Kwa hiyo kila walipokwenda kumsalimia mama mkwe kule juu, walifika jua linazama, wakanywa chai wima, wakageuza. Majirani walishasema: mkwe huyu anamkwepa mama wa watu.

Mke naye hakuzaliwa jana.

"Mara ya mwisho nilimpangia mama yangu kabati moja tu. Moja! Makorokoro yake yote bado sijayatupa. Leo tusipofika mapema, dude hili kesho linauzwa."

Mume alimeza mate, nusura aimeze na nati. Aliipenda pikipiki ile kupita kiasi.

Mara akapita mtu na pikipiki kama yao, yenye sproketi moja tu, amepakia magunia mawili na mbuzi. Akaupanda mlima huku anapiga mluzi.

Mke alimtazama yule mtu mpaka akapotea. Kisha akamtazama mumewe.

"Rudisha cheni kwenye hiyo ndogo. Tunapanda."

"Haitaweza, mke wangu, mlima huu..."

"Itaweza."

Ikaweza. Ilikohoa kwenye kona, ikatetemeka kama mwenye homa, lakini mchana kweupe walikuwa mlangoni. Mke hakungoja hata kukaribishwa. Alikunja mikono ya gauni, akapitiliza hadi chumbani, na droo zikaanza kufunguliwa moja baada ya nyingine.

Mama mkwe, uso umemsawajika, alimshika mkwewe mkono akamvuta nyuma ya mlango.

"Mwanangu," alinong'ona, "ile sproketi kubwa niliyokununulia imepatwa na nini?"