Pete ya Akiki

Kidole cha Bi Kibibi kilikuwa kimevimba tangu nyigu alipomchoma asubuhi, na pete ilikuwa imezama ndani ya nyama. Sabuni ilishindwa, mafuta yakashindwa. Koleo nalo halikufaa, kwa sababu pete nzima ilichongwa kwa jiwe la akiki, na jiwe likibanwa huvunjika vipande vyenye makali.

Ndipo sonara Shemdoe akatoa tupa yake ya almasi, nyembamba kama njiti ya kibiriti, akaanza kulisaga jiwe taratibu.

"Kaza mkono, fundi," alisihi Mzee Mshamu, mume wa Bi Kibibi. "Kidole kinakuwa cheusi!"

"Nikikandamiza, mzee wangu, chembe za almasi zitang'oka, na tupa haitakula tena. Sina nyingine."

Shemdoe aliona jinsi mzee alivyokosa subira. Kazi ya kumwagia maji siku zote aliifanya mwenyewe, lakini leo alimkabidhi Mshamu kikombe. "Nisaidie hapa, kidogo kidogo, jiwe lisipate moto."

Bi Kibibi akacheka. "Siku ya kunivisha hukuwa na haraka hivi. Ulitoa jasho mpaka kanzu ikaloa."

Mshamu alitaka kucheka, akashindwa. Tupa ilikuwa imefika nusu tu.

Baadaye Bi Kibibi akauliza, macho ameyafumba, "Mume wangu, mbona umeacha kumwagia?"

Kikombe kilikuwa kimeinama mkononi mwa Mshamu. Maji yalikuwa bado yakipita juu ya kidole cha mkewe kilichokufa ganzi na kudondoka sakafuni.

"Haya, bibie," alisema. "Namwagia sasa."