Firigisi ya Kuku wa Sita

Mghoi aliporudi kutoka kisimani jua likiwa la utosini, kuku watano walikuwa wameshafukiwa. Wa sita alianguka mbele ya macho yake, akatapatapa, miguu ikakakamaa kama vijiti.

"Ni kideri hicho," mama mkwe wake alisema kutoka jikoni. "Mfukie kama wenzake."

Mghoi alikijua kideri. Kuku husinzia siku mbili tatu, akaharisha kijani, shingo ikapinda. Hawa asubuhi aliwaacha wakiparura uani, wazima kabisa.

Alitua mtungi, akampasua yule kuku palepale. Maini hayakuwa na dosari. Akaikata firigisi, akaipindua, na katikati ya changarawe zikatokea punje mbili za mahindi.

Mwaka huu wa njaa, nani Mwatate nzima anamwagia kuku mahindi?

Alisugua punje moja kwa kidole gumba. Ilikuwa imepauka, ila penye kiini ilibaki rangi ya waridi. Hiyo ni dawa ya mbegu, sumu ya kuulia wadudu. Mahindi ya namna hiyo walikuwa nayo debe moja tu, walilopewa wapande mvua ikinyesha, na yeye mwenyewe ndiye aliyelificha darini.

"Mama," aliita, "umeigusa ile mbegu?"

Kisha bibi kizee akatokea mlangoni akijipangusa mikono, vidole vyekundu hadi kwenye kucha.

"Nimeiosha mara saba, mwanangu, ikawa nyeupe pe, ndipo nikaipika."

"Watoto wako wapi?"

"Usiwaamshe. Leo wamekula wakashiba."