Prezida Anataka Mwanga

"Nilikuambia iko giza, Mama Chimène. Giza tupu. Ongeza mwanga."

"Nimeongeza mara tatu, Prezida. Nikiongeza tena utakuwa muzungu."

"Basi niwe. Kesho wanachama wote wa Kabambare watatazama. Unataka waulize kwa nini prezida wao iko kama kivuli?"

Sidonie alimeza jibu lililomjia, kwa sababu halikuwa la adabu. Miezi miwili alikuwa amechora katuni hii ya dakika tatu, prezida mwenyewe akiwemo, picha moja baada ya nyingine, kuwafundisha waendesha pikipiki wa chama cha Prezida Bulaimu kupunguza mwendo vijijini. Bila neno la Bulaimu, kazi yote ingebaki hapa Kasongo, ndani ya kompyuta. Na ilibidi iondoke sasa hivi: Chimène, binti yake, aliyepaswa kwenda kuionyesha, alikwishapanda pikipiki ya prezida mbele ya nyumba, begi mgongoni, akimngoja prezida mwenyewe aje aendeshe.

Akasogeza alama ya mwanga hadi sitini. Mbingu ikatoweka. Udongo mwekundu wa njia ukageuka rangi ya uji.

Bulaimu aliinama hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Prezida, ni katuni, si samaki. Huna haja ya kuinusa."

"Mwenye kazi ni mimi. Bado iko giza."

Akajaribu kontrasti, kuutenga weusi na weupe. Nyuso zikawa kama makaa yaliyomwagiwa unga wa muhogo. Bulaimu akatikisa kichwa. Akasema kompyuta ni mbovu. Akasema wanawake wa diploma wanajua vitabu, hawajui njia. Yeye njia ya Kabambare anaijua kwa kichwa, miaka ishirini na miwili, kila shimo na kila daraja, hata wakimfunga kitambaa usoni atafika.

Shuleni hawakumfundisha Sidonie dawa ya mtu mkubwa. Aliyokuwa nayo aliipata jikoni: mume akilalamika kwamba mboga haina chumvi, irudishe motoni, ikoroge, kisha umletee ileile. Akafuta yote aliyoyafanya. Mwanga sifuri, kontrasti sifuri, picha kama ilivyokuwa asubuhi.

"Haya, Prezida. Mpya kabisa."

Bulaimu akainama tena, akapiga meza kwa kuridhika.

"Hapo sasa. Ungefanya hivi tangu mwanzo, tungekuwa mbali."

Sidonie aliuma mdomo asicheke. Kazi ilikuwa imepita. Akaisimamisha katuni ili aihifadhi, na kwa heshima tu akauliza:

"Na njia yenyewe, umeipenda?"

"Muzuri sana. Iko wazi, safi, hakuna mutu. Hapo mimi napita na mwendo wote."

Kwenye kioo, akikijaza kutoka ukingo hadi ukingo, katikati ya njia, alisimama mama mwenye beseni kichwani na mtoto mkononi.

Sidonie alitoka nje, akachomoa ufunguo wa pikipiki, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake, akamwambia Chimène ashuke.