Maoni ya Majaji

"Majaji wanataka ile hadithi ya mimi kuungua iondolewe kwenye maelezo ya Mwanaidi," Bi. Zaituni alimwambia dada yake kwenye simu. "Sawa tu. Tuzo haitolewi kwa machozi."

Siku hizi mwanafunzi aliye kwenye mashindano ya roboti hasomi tena maoni ya majaji. Mzazi huyakubali kwa kubonyeza, kibandiko kilicho nyuma ya sikio la mtoto huyaingiza kichwani, na mtoto huamka amesharekebishwa. Wiki iliyopita kigugumizi cha Mwanaidi kiliondoka hivyohivyo, na mama yake alishangilia. Safari hii pia Bi. Zaituni alibonyeza bila kusita.

Asubuhi ya fainali, Mwanaidi alifanya zoezi la mwisho nyumbani. Roboti ya timu yao iliepua sufuria ya uji kwenye jiko la mkaa, naye akaeleza kila kiungo cha roboti hiyo bila kukwama. Mama akapiga makofi.

"Mkono wako umefanya nini, mama?" Mwanaidi akauliza.

"Acha utani, wewe. Si ndiyo sababu ukaunda hilo lidude?"

"Tuliliunda kwa ajili ya usalama wa kaya," alijibu kwa sauti ileile ya jukwaani. "Pole sana. Uliungua lini?"

Bi. Zaituni akamnyooshea kopo la dawa ambayo binti huyohuyo alikuwa akimpaka kila jioni tangu masika. Mwanaidi akalipokea kwa adabu, akaligeuza, akaanza kusoma maelekezo.