Mtoro wa Wadi ya Kifua Kikuu

Ombati alipoiona kofia nyeupe ya nesi ikipanda kilima cha Kebirigo, alitupa kikapu cha chai, akakimbilia jikoni na kukwea darini kwenye mahindi.

“Mwambie sipo,” alimnong'oneza mkewe, Bitutu, aliyembeba mtoto wao Momanyi mgongoni.

Siku kumi zilikuwa zimepita tangu aruke ua wa wadi ya kifua kikuu. Hakukimbia sindano. Alimkimbia Sista Loice. Kwa miezi minane nesi yule, aliyesomea ugonjwa huo mmoja tu, alisimama kando ya kitanda chake kila asubuhi. “Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi.” Utadhani anamkagua ng'ombe mnadani. Wagonjwa walimwita Askari Jela. Mwaka ule wa 1968, ilisemekana hakuna mtoro aliyewahi kumponyoka.

“Hodi!”

“Karibu, Sista.”

Sista aliingia na askari wa chifu, ambaye alisimama mlangoni. Moshi wa kuni ulimpanda Ombati kooni. Akauma shati. Koo likazidi kuwasha. Akikohoa tu, amekwisha.

Chini, Bitutu akakohoa kwa nguvu, mara tatu, mara nne. Ombati naye akapata nafasi, akakohoa humo humo. Mke mwerevu huyu!

“Baba Momanyi ameenda Magwagwa kutafuta kibarua,” Bitutu alisema.

Ombati alichungulia kwenye ufa. Nesi hakuangalia juu hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwa Bitutu. Kisha akanyoosha mikono, akamfungua Momanyi mgongoni mwa mama yake, akamkabidhi askari. Mtoto akaangua kilio.

“Sista, mwanangu unampeleka wapi?”

Damu ilimchemka Ombati. Kumbe wanamshika mtoto ili baba ashuke! Akaruka, mahindi yakamwagika pamoja naye.

“Mrudishe mtoto! Mimi huyu hapa, nifunge!”

Sista Loice alimtazama, wala hakushtuka.

“Sikukujia wewe, Ombati. Makohozi yako yalikuwa safi. Daktari angekuruhusu asubuhi ile ile uliyotoroka.”

Kisha akamshika Bitutu mkono, kwa upole ambao Ombati hakuwahi kuuona wadini.

“Mama Momanyi, makohozi uliyotuachia tuyapime ulipokuja kumtembelea mumeo ndiyo yenye ugonjwa. Mtoto nimemtoa mgongoni asiambukizwe. Chukua shuka, twende.”