Ukurasa wa Mwisho wa Mama Bata

Vitabu thelathini na kimoja Nasra Kombo amewaandikia watoto, na hakuna hata kimoja anachojua mwisho wake. Ndivyo sheria inavyotaka: mwandishi huishia ukurasa wa kabla ya mwisho, na wa mwisho kitabu hujiandika chenyewe, kikifuata kile ambacho moyo wa mtoto anayekisoma unakitamani kuliko vyote. Mtu mzima akiufunua, hukuta karatasi nyeupe.

Safari hii, akijifungia chumbani kutwa kama kawaida yake, aliandika habari za Mama Bata aliyekwenda kutafuta mtama akapotea, vifaranga wake wakabaki kumngoja. Nakala ya kwanza alimpa bintiye Hidaya, mwenye miaka saba, kisha akajitia kukaanga vitumbua. Hakutulia. Cha kwanza kiliungua, cha pili akakigeuza kingali kibichi.

Hidaya alifika ukurasa wa mwisho, akatabasamu kama aliyetuliwa mzigo.

"Mama Bata amerudi?" Nasra aliuliza, macho yakiwa kwenye mafuta.

"Hajarudi, mama. Lakini vifaranga hawalii. Shangazi yao amehamia kwao, na yeye hajifungii chumbani."

Nasra alikichukua kitabu kwa mikono yenye unga. Ukurasa ulikuwa mweupe pe. Akaugeuza, akaurudia, akaupeleka dirishani kwenye mwanga.

"Kesho siandiki," alisema hatimaye. "Nitashinda na wewe kutwa nzima."

Tabasamu la Hidaya likayeyuka.

"Ahsante, mama," alijibu kwa adabu, kama anavyowajibu wageni.